Tembe, Mihrabu na Mlango wa Nakshi

Wako watu wengi wadhanio kuwa sanaa ni kitu kiwekwacho juu ya nyumba baada ya nyumba kwisha kujengwa: rangi, vigae ving'aavyo, maua ya saruji juu ya kizingiti. Na kwa kuwa wadhani hivyo, husema kuwa huku kwetu Manyoni hapana sanaa ya ujenzi. Sanaa iko Unguja na Lamu, iko Kilwa, iko Misri na Istambul. Dhana hii imetutia hasara, nayo yaonekana kwa macho katika nyumba tuzijengazo leo, na hata katika misikiti yetu.

Jirani zetu wa Kondoa wanayo majabali yenye michoro ya kale sana, hasa upande wa Kolo, ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wachoraji wale hawakujenga kitu. Walichagua jabali lililoinama mbele, lenye kivuli na lisilopigwa na mvua, wakachora hapo watu na wanyama kwa rangi nyekundu na nyeupe. Kwa hiyo tangu zamani hizo ukuta na mchoro vilichaguliwa pamoja: pasipo kivuli kile, mchoro ungalikwisha futika.

Sasa tuitazame nyumba ya hapa, yaani tembe, ambayo Wagogo wameijenga tangu zamani. Kuta zake ni miti iliyosimikwa chini, ikafungwa fito na kukandikwa udongo. Juu hulazwa boriti, juu ya boriti vijiti na matawi, na juu ya hayo yote udongo ulioshindiliwa. Paa ni bapa, wala halina mgongo. Vyumba hufuatana kuuzunguka ua, na mifugo hulala humo ndani ya ua, salama na fisi na wezi. Hapana nakshi hata moja. Lakini na tuulize sababu ya kila jambo. Mvua ya Manyoni ni ya msimu mmoja, takriban tangu Desemba hata Aprili, nayo si nyingi. Basi pana haja gani ya paa refu la kumwaga maji? Nyasi nzuri za kuezekea ni haba, na udongo uko tele. Udongo mnene huzuia jua la Oktoba lisiingie ndani, na katika usiku wa Juni na Julai, wakati baridi ya uwanda wetu inapouma, huhifadhi joto la mchana. Juu ya paa huanikwa mtama na karanga. Na kwa kuwa nyumba ni fupi, upepo wa kiangazi hupita juu yake. Mtu aliyelipatanisha kila jambo na jingine namna hii, nami sioni jina jingine la kumwita, ni msanii.

Sisemi haya ili kuisifu tembe kwa uongo. Ndani yake mna giza na moshi. Papasi hukaa katika nyufa za udongo wakaleta homa. Mvua ikizidi siku mbili tatu mfululizo, paa huvuja, na kila mwaka hapana budi kulitengeneza. Ila kasoro hizi ni za kutibiwa, wala si hoja ya kusema kuwa mjenzi wake hakujua kitu.

Watu wa pwani walilifahamu jambo hili zamani. Katika karne ya kumi na tisa misafara yao ilivuka Ugogo, ikawalipa watemi hongo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, ile nyika ya vichaka na kiu iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, hata ikafika Unyanyembe. Waarabu na Waswahili waliokaa huko hawakuweza kujenga nyumba za mawe ya bahari. Walijenga tembe. Kuta wakazinenepesha, wakaongeza baraza ya kupokea wageni, na mlangoni wakatia ubao wa nakshi. Iko nyumba ya namna hiyo Kwihara, karibu na Tabora, ambapo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, nayo sasa ni makumbusho: kuta na paa ni vya bara, mlango ni wa pwani. Wala mlango ule hauonekani kuwa mgeni mahali pale, kwani umewekwa pahali panapostahili uzuri, pale mtu anaposimama kupiga hodi na mwenye nyumba kumkaribisha.

Hata huko pwani tunakokusifu, nakshi ilifuata ujenzi. Vyumba vya kale vya Lamu na Kilwa ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazikuweza kuubeba uzito wa paa la mawe na chokaa zaidi ya pima moja na nusu hivi, yaani kama mita 3. Kipimo cha mti kikawa kipimo cha chumba. Na yale matumbawe laini yaliyochongwa kwa ajili ya mihrabu yalitolewa baharini yakiwa mabichi, maana hapo hukatika kwa wepesi, na yakikaa katika hewa huwa magumu. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyo kiblani yamechongwa katika mawe ya namna hiyo, nayo yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kuta nyingine aghalabu ziliachwa tupu. Minara vilevile ilikuwa haba. Muadhini alipanda ngazi akaadhini juu ya paa.

Na kabla ya hayo yote ulikuwako msikiti wa Mtume wetu s.a.w. huko Madina. Kuta zake zilikuwa za matofali mabichi ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti. Mvua iliponyesha lilivuja, na imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume alisujudu katika maji na tope, hata alama ya tope ikaonekana usoni pake. Mkaaji wa tembe ataielewa habari hii upesi kuliko mkaaji wa ghorofa. Sayyidna Umar r.a. alipoupanua msikiti ule aliamuru watu wakingwe mvua, akakataza rangi nyekundu na za manjano zisije zikawashughulisha wenye kusali. Sayyidna Uthman r.a. akaja akaujenga kwa mawe ya nakshi na chokaa, na paa la msaji. Wote wawili ni maswahaba wakubwa. Mimi naona kuwa kila mmoja alitazama haja ya wakati wake. Lakini hapana hata mmoja aliyeanza na pambo kabla ya paa.

Leo tembe zinapungua. Watu walipokusanywa vijijini katika miaka ya 1970 walihimizwa kujenga nyumba zilizoitwa bora, na tangu hapo tofali za kuchoma na mabati vimeenea. Bati lina fadhila kubwa: halivuji, nalo hukusanya maji ya mvua katika nchi ya kiu. Lakini mchana wa Oktoba chumba cha bati kisicho na dari huwa tanuri. Na misikiti yetu? Aghalabu fedha za wafadhili na za waumini huishia katika mnara na vigae vya mbele, na wenye kusali ndani, hasa wanawake walio katika sehemu yao finyu ya nyuma, hutoka jasho hata rakaa zinawapotea. Huo ndio upungufu wa sanaa niusemao.

Huko Djenné, nchini Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa mwaka 1907 una miti iliyochomoza ukutani. Ni pambo lake, na ni jukwaa la mafundi wanapoukandika upya. Sisi tunazo tofali. Fundi hodari aweza kuzipanga kwa matundu ya nyota au ya pembe nne juu ya madirisha, upepo ukapita na nuru ikaanguka sakafuni kwa nakshi, bila kununua kigae kimoja. Aweza kuongeza baraza yenye kivuli upande wa jua la alasiri, na mfereji wa kupeleka maji ya bati katika birika la udhu. Kamati na imwulize habari hizi kabla msingi haujachimbwa, na wanawake waulizwe pamoja naye, maana ukuta ukisha simama matundu hayo hayatobolewi tena ila kwa nyundo.