Betri za anga za juu zatoa funzo la moto kwa magari ya umeme

Mfanyabiashara anayepakia vitenge kwenye pikipiki ya umeme Kigali au Nairobi ana hofu mbili: chaji kuisha kabla hajafika, na betri kushika moto mzigo ukiwa juu yake. Hofu ya pili imewashughulisha pia watu wa anga za juu.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huizunguka Dunia mara 16 hivi kwa siku, na karibu kila mzunguko hupita gizani, paneli za jua zikiwa hazina kazi. Hapo betri hubeba mzigo wote. Kwa miaka mingi zilikuwa za nikeli na haidrojeni, zenye kudumu lakini nzito. Kati ya 2017 na 2021 betri 48 za aina hiyo ziliondolewa, zikawekwa 24 za lithiamu, jamii ile ile iliyomo kwenye magari na pikipiki.

Ubaya wa lithiamu ni kwamba seli moja ikipata shoti ndani huchemka, ikaichoma ya jirani, na moto ukala betri nzima. Januari 2013 ndege za Boeing 787 zilizuiwa kuruka duniani kote baada ya betri ya moja kuwaka Boston na ya nyingine kutoa moshi Japani. NASA ikarudi kukagua betri ilizokuwa ikiandaa, ikaongeza vizuizi vya joto kati ya seli.

Kizuizi nacho lazima kijaribiwe, na seli haitoi taarifa itaharibika lini. Kuitoboa kwa msumari si sawa na hitilafu inayoanzia ndani. NASA na maabara ya nishati ya Marekani, NREL, zikabuni kifaa chembamba kinachopachikwa ndani ya seli inapotengenezwa, chenye tabaka la nta. Seli ikipashwa joto kidogo, nta huyeyuka na shoti hutokea pale pale palipokusudiwa. Kinachobaki ni kutazama kama jirani atapona. Kipimo hicho kinafaa betri za magari vilevile.

Kwa anayenunua betri Busia au Rusumo, hapo ndipo pa kumbana muuzaji: seli moja ikiwaka, nyingine zinakingwa na nini? Betri rahisi zilizoungwa kwa seli kuukuu mara nyingi hazina jibu. Cheti cha UN 38.3, kinachotakiwa katika kusafirisha betri za lithiamu, ni cha kudai mwanzo, ingawa hupima mtikisiko, joto na shoti ya nje, si moto unaosambaa kutoka seli hadi seli.