Neno la Leo: Chikungunya

Fungueni madaftari, mwandike neno hili: CHI-KU-NGU-NYA.

Neno hili limetoka katika lugha ya Kimakonde. Mwaka 1952 homa kali iliingia Newala, kusini ya Tanganyika. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakawa wanatembea wamejikunja. Ndipo watu wakaiita chikungunya, yaani kitu kinachomkunja mtu. Wataalamu walipoandika habari zake mwaka 1955, walilishika jina lilelile, na leo linatumika duniani kote.

Basi jina lenyewe ni fundisho. Homa ikija pamoja na maumivu makali ya viungo, msiseme tu, "Ni malaria." Nendeni hospitali mkapimwe damu, maana dawa ya malaria haiponyi chikungunya.

Homa hii huletwa na mbu aumaye mchana. Kule Newala maji yalikuwa shida. Watu waliyaweka akiba katika mitungi, na mbu wakazaliana humo. Kwa hiyo funikeni mitungi na mapipa.

Swali la leo: Je, mitungi ya nyumbani kwenu ina vifuniko? Kwaherini.