Utoro wa rejareja huanzia kituoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kituo cha daladala cha Mbezi Luis, Dar es Salaam, kimeshafurika. Wanafunzi wa shati jeupe wamesimama pamoja, mikoba mgongoni, kila mmoja ameshika sarafu yake ya mia mbili. Gari linaingia, konda anaziba mlango kwa mkono na kutangaza: "Wanafunzi wawili tu!" Wawili wanapenya, waliobaki wanasubiri la pili, kisha la tatu. Mtoto akipata nafasi, kengele ya shuleni kwao imeshalia, na getini mwalimu wa zamu anamngoja na fimbo. Hapo mtoto hupiga hesabu yake: aingie achapwe, au azunguke vijiweni mpaka wenzake watoke?

Nimewahi kuwa huyo mwalimu wa zamu. Niliamini nakomesha uchelewaji. Siku nilipokaa na rejista ya darasa langu nikapitia mahudhurio ya muhula mzima, nikaona majina yale yale niliyoyachapa getini Jumatatu hayaonekani kabisa Jumanne. Sikuwa nimeponya uchelewaji, nilikuwa nimeugeuza utoro.

Walimu tuna majina mawili ya tatizo hili. Mtoro sugu ni yule aliyepotea wiki na miezi. Huyo kila mtu anamjua, na asipoonekana siku 90 mfululizo jina lake liko hatarini kufutwa. Mtoro wa rejareja yeye hupotea leo, kesho yupo, wiki ijayo tena hayupo. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu siku zake hazifuatani. Lakini tuzihesabu. Mwaka wa masomo Tanzania una siku 194. Anayekosa siku moja tu kila baada ya wiki mbili hufikisha karibu siku 19, yaani sehemu moja ya kumi ya mwaka. Marekani, majimbo mengi hutumia kipimo hicho hicho cha asilimia 10 kumtambua mtoto aliye hatarini, na hawaulizi kama siku zimefuatana. Anayekosa somo la sehemu Jumanne hataelewa la asilimia Alhamisi, na asiyeelewa ndiye hupiga kelele nyuma ya darasa. Mara nyingi utovu wa nidhamu na utoro ni ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe "kwa nini?" Kwa upande wetu huu majibu hayako mbali. Tangu Januari 2016 shule za umma hazitozi ada mpaka kidato cha nne, lakini nauli ipo pale pale. Mtoto anayetoka Mpiji Magohe au Makabe na kubadili gari Mbezi Luis hulipa 400 kwenda na 400 kurudi. Hiyo ni 4,000 kwa wiki, na nyumba yenye watoto watatu wa namna hiyo inahitaji 12,000 kabla hujataja chakula cha mchana. Mvua ikinyesha, barabara za ndani hugeuka tope na bodaboda hupandisha bei. Wapo wanaobaki nyumbani kulea mdogo wao ili mama awahi sokoni, na wapo wanaovutwa na vibanda vya video na mashine za kamari. Kila sababu ina dawa yake, na fimbo haiponyi hata moja kati ya hizo.

Sheria nayo haikuiachia fimbo mikono ya kila mtu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaielekeza kwenye makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi vinne, mtoaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kuachwa na daladala hakuwezi kuitwa kosa kubwa. Wanaotetea viboko vya getini hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Nakubaliana na methali hiyo kwa moyo wote: inatutaka tuwahi, haitutaki tutumie nguvu.

Kuwahi kunaanzia kwenye rejista. Mwalimu wa darasa akimaliza kuita majina, mzazi wa asiyekuwepo apigiwe simu asubuhi hiyo hiyo. Aliyechelewa aingie darasani, saa aliyofika iandikwe, na baada ya vipindi azungumze na mwalimu wa malezi. Akifikisha siku tatu za kukosa ndani ya mwezi, aitwe yeye na mzazi wake, asisubiriwe kufikisha 90. Mambo yakigoma, mwenyekiti wa mtaa anaijua nyumba kuliko sisi, na ofisa elimu kata ana nafasi ya kuwakutanisha wote. Vitisho vya mahakama vije mwisho kabisa, kwa mzazi aliyekataa kwa makusudi. Na aliyekwisha kuacha shule tusimfungie: tangu Novemba 2021 Serikali imefungua njia ya kurudi, hata kwa msichana aliyepata ujauzito.

Lakini shule haiwezi kulifikia lile konda analolifanya mlangoni. Halmashauri ya Ubungo, mamlaka ya usafiri LATRA na askari wa usalama barabarani wakisimama Mbezi Luis kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja, wakahakikisha wanafunzi wanapanda, watakuwa wameokoa vipindi vingi kuliko fimbo zote za getini.

Nawe mzazi, leo jioni kabla hujauliza maksi, muulize mwanao amefika shule saa ngapi na getini amekuta nini. Msikilize mpaka mwisho, kisha kesho nenda ukalizungumze hilo na mwalimu wake wa darasa.