Je, Simu Huleta Ugonjwa Kichwani?

Wagonjwa wengi wa hapa Baraka, na wale watokao milimani Fizi, huuliza: Je, simu ya mkononi yaharibu ubongo? Kuuliza ni vema, lakini hofu hii imekwisha kuleta hasara. Mtu aumwa kichwa majuma matatu, naye aisingizia simu, aizima na kukaa nyumbani. Kumbe ni malaria, au damu yake imepanda. Kichwa kikiuma siku nyingi, njoo upimwe.

Simu hupeleka sauti yako kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye mnara. Mawimbi hayo si sawa na mionzi ya mashine ya kupigia picha ya mifupa. Mionzi ile ina nguvu ya kuharibu chembe za mwili, ndiyo sababu tunamkinga nayo mwenye mimba. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Yaweza kuupasha mwili joto kidogo sana tu. Sikio likipata moto, mara nyingi ni moto wa betri.

Mwaka 2011 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walikutana Lyon, Ufaransa, wakayaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo labda vyaweza kuleta kansa, ila haijathibitika. (Achari za mboga za Asia zimo katika kundi hilo hilo!) Mwaka 2024 uchunguzi mkubwa ulioagizwa na Shirika hilo haukuona kwamba simu zaongeza kansa ya ubongo. Tena uvumi wa mwaka 2020, ya kwamba minara huleta korona, ni uongo mtupu.

Ukitaka kujihadhari, ni rahisi. Simu iliyo mbali na mnara, kama kule mabondeni, hutumia nguvu nyingi, mfano wa mtu apazaye sauti kumwita mwenziwe ng'ambo ya bonde. Panda mahali penye netiweki nzuri, sema kwa ufupi, au andika ujumbe.

Lakini betri iliyovimba, hiyo uiogope kweli, maana yaweza kuwaka moto. Usiitoboe, usiiache juani, wala usilaze simu chini ya mto ikiwa kwenye chaji. Nawe mwendesha pikipiki, simama kwanza kando ya njia, ndipo upokee.

Na mama mwenye mimba akitokwa na damu usiku, mume asiogope kupiga simu karibu naye. Apige upesi, aite pikipiki, amlete.