Tiba ya kumeza: Kwa nini maji huweza kumdhuru mgonjwa wa kiharusi

MGONJWA wa kiharusi anapopata nafuu kidogo, ndugu huharakisha kumpa maji au uji mwepesi. Nia ni njema, lakini akipaliwa, kinywaji hicho huweza kuingia mapafuni na kumletea homa ya mapafu, maradhi ambayo huua.

Mtu mzima wa afya humeza bila kufikiri. Hata hivyo, kwa muda wa sekunde moja hivi, pumzi husimama, zoloto hupanda na kidakatonge hufunika njia ya hewa. Kiharusi kikidhoofisha misuli ya koo, njia hiyo huchelewa kufungwa. Maji, kwa kuwa hupita haraka, huitangulia. Kinywaji kilichofanywa kizito hushuka polepole na mara nyingi huwa salama zaidi.

Takriban nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata tatizo hili siku za mwanzo, na wengi hupona baada ya majuma machache. Dalili zake ni kukohoa wakati wa kula, sauti yenye majimaji baada ya kunywa, chakula kubaki shavuni na homa za mara kwa mara. Wengine hawakohoi kabisa, kwa sababu koo limepoteza hisia. Ndiyo maana mgonjwa hupaswa kupimwa uwezo wa kumeza kabla ya kupewa chochote kwa mdomo.

Baada ya vipimo, mtaalamu huchagua tiba: kuinamisha kidevu wakati wa kumeza, kumeza kwa nguvu mara mbili kwa kila tonge, au mazoezi ya kuimarisha ulimi na shingo.

Tiba hufuata ugonjwa. Mwenye Parkinson hushauriwa kula wakati dawa zake zinapofanya kazi vizuri. Mwenye skleroderma, ambaye umio wake umekakamaa, husaidiwa zaidi na milo midogo, dawa za kupunguza asidi na kuinua upande wa kichwa wa kitanda.

Nyumbani, mgonjwa aketi wima, alishwe kijiko kidogo kidogo, na asilazwe hadi ipite nusu saa. Kinywa chake kisafishwe kila siku, kwani vijidudu vya kinywani ndivyo huambukiza mapafu. Akiendelea kupaliwa, asilazimishwe kula, arudishwe hospitali.