Kujipiga Picha ya Yaliyo Moyoni

Wengi wetu wa Kidato cha Nne tumepata kukaa mbele ya kamera ili tupigwe ile picha ndogo ya kujiandikishia mtihani. Mpiga picha husema, "Nyosha shingo, tazama mbele, usicheke." Picha hiyo huonyesha masikio mawili, pua na kola ya shati, nayo yatosha kumhakikishia msimamizi wa mtihani kwamba huyu ndiye, wala si mwingine. Lakini haisemi kama mwenye uso ule alilala usiku uliopita au alikesha akiwaza. Husemwa kwamba moyo wa mtu ni kichaka, na picha ya namna hiyo haikusudiwi kuingia kichakani.

Walakini, yako matumizi mengine ya kamera. Wako watu wanaojipiga picha wenyewe kusudi waonyeshe huzuni, hofu au uchungu waliouficha, ambao ulimi umeshindwa kuusema. Katika makala haya nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyoanza, jinsi linavyofanywa, na faida yake kwa vijana kama sisi tunaoishi bwenini, mahali ambapo mengi hunyamaziwa.

Mwanzo wake ni wa zamani, karibu sawa na mwanzo wa upigaji picha wenyewe. Mwaka 1839 Serikali ya Ufaransa ilimtukuza Louis Daguerre kwa uvumbuzi wa picha, ikampa malipo ya faranga 6,000 kila mwaka. Mjini Paris alikuwako pia karani wa Wizara ya Fedha, jina lake Hippolyte Bayard. Huyu alikuwa amevumbua njia yake mwenyewe ya kupata picha katika karatasi, na mwezi Juni mwaka ule ule aliwaonyesha watu kazi yake. Yeye aliambulia faranga 600 tu za kununulia vyombo, na sifa zote zikamwendea mwenziwe.

Bayard alifanya nini? Mwezi Oktoba 1840 alivua shati, akajifunga nguo kiunoni, akaketi ameegemea upande na macho ameyafumba, akajipiga picha kama maiti. Nyuma ya picha aliandika kwamba huyu ni Bayard, aliyejitosa majini kwa kuwa Serikali ilimpa Daguerre mengi na yeye ikamnyima, na kwamba maiti yake imelala siku kadhaa bila mtu wa kuja kuitambua. Uso na mikono vilitoka vyeusi katika picha, naye akaandika kwa mzaha kuwa vimekwisha kuanza kuoza.

Ulikuwa mzaha, naam, lakini mzaha wenye machozi ndani yake. Bayard alikuwa hai na mzima. Aliishi karibu miaka 47 baada ya hapo, na mwaka 1854 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Upigaji Picha cha Ufaransa. Kilichokufa ni heshima aliyoitumaini. Heshima haina umbo, wala huwezi kuielekezea kamera; basi akautumia mwili wake mwenyewe kuonyesha lile lisiloonekana. Hii ndiyo kanuni kubwa ya kazi hii, na wote waliomfuata wameishika.

Hapa kwetu Afrika mfano ulio bora ni Samuel Fosso. Alizaliwa mwaka 1962 mjini Kumba, nchini Kameruni, naye alikuwa mtoto aliyepooza viungo. Mwenyewe amesimulia kwamba watoto wengine walipelekwa kupigwa picha, lakini yeye hakupelekwa, kwa kuwa baba yake aliona ni kupoteza fedha. Babu yake, aliyekuwa mganga huko Nigeria, ndiye aliyemtibu hata akapona. Kisha vikaja vita vya Biafra vya mwaka 1967 hadi 1970, naye akiwa mtoto tu. Mwaka 1972 alichukuliwa na mjomba wake mpaka Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alijifunza kupiga picha, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake.

Mchana aliwapiga wateja. Jioni, filamu ikiwa na nafasi chache zilizobaki, alijipiga mwenyewe, amevaa suruali pana na miwani ya jua, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu wake ni mzima. Mtu akizitazama haraka atadhani ni kijana mwenye majivuno. Lakini tukikumbuka kwamba huyu ndiye mtoto aliyenyimwa picha, twaona kwamba kila picha ni kama jibu: "Nipo, nitazameni."

Baadaye majonzi yake yalijitokeza waziwazi zaidi. Mwaka 1997 rafiki na jirani yake aliuawa usiku na watu wenye silaha mjini Bangui. Mwaka 2000 Fosso alijipiga picha kadhaa ndani ya chumba cha kulala, usiku, bila nguo, kuonyesha jinsi mtu alivyo mnyonge saa kama ile. Mwaka 2014, wakati wa machafuko nchini humo, nyumba yake iliporwa, na picha zake zikatupwa nje. Baadhi ziliokolewa na waandishi wa habari waliopita pale. Baada ya hapo alijipiga picha 666, uso mtupu, bila mavazi ya kuigiza, kila picha ikiwa na hali yake tofauti kidogo na nyingine. Mtu yule yule aliyezoea kujivika mavazi ya kila namna alikuwa amekwisha kuyavua yote.

Mwingine ni Zanele Muholi wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1972 huko Umlazi, karibu na Durban. Mama yake, Bester, alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 2009. Katika picha moja ya mwaka 2015 Muholi amejipachika vibanio vya nguo kichwani na masikioni, navyo vinaonekana kama taji la malkia. Hapana chozi wala kilio. Lakini anayejua mama yule alifua nguo za nani hawezi kupita bila kusimama.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini asilie tu mbele ya kamera, watu wakaona? Jibu ni kwamba chozi husema kuwa mtu analia, lakini halisemi analilia nini. Kwa hiyo wapiga picha hawa hutumia njia nyingine, nazo ni hizi. Kwanza, vitu: kibanio, kiatu, kiti kitupu, kitu chochote chenye habari ndani yake. Pili, jinsi mwili unavyokaa: kuupa kamera mgongo, kuficha uso, au kuketi pembeni ili nafasi tupu iwe kubwa kuliko mtu. Tatu, mwanga: ukikaa kando ya dirisha, nusu ya uso huangazwa na nusu hubaki gizani. Nne, muda: katika miaka ya 1970 Francesca Woodman wa Marekani aliacha kamera ipokee mwanga kwa kitambo huku akijongea, hata mwili wake ukatoka kama ukungu mbele ya ukuta wa nyumba kuukuu.

Hapana budi niseme pia yaliyonipata. Mama yangu alifariki nilipokuwa Kidato cha Pili. Picha za likizo ile zimo katika simu ya mjomba, na katika kila moja nacheka pamoja na binamu zangu. Mtu akizitazama atasema nyumba ile haikuwa na msiba. Likizo iliyofuata niliiazima simu hiyo, nikaiegemeza juu ya kinu, nikaitega ipige baada ya sekunde 10. Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi aliyozoea kuikalia mama, mgongo nikaupa kamera, na kanga yake begani. Uso hauonekani hata kidogo. Bibi alipoiona alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, huko shuleni unalala?" Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo, maana kila aliyeniona aliniona nikicheka. Usiku ule tulizungumza hadi taa ikaisha mafuta.

Nimejifunza hapo kwamba picha si dawa. Dawa ilikuwa yale mazungumzo. Picha ilifungua mlango tu. Kwa sababu hiyo haifai kuipeleka kwa kila mtu mwenye simu, kwani wako watakaoicheka na wako watakaoisambaza. Wala haifai kushindana nani ana huzuni kubwa kuliko mwenziwe. Yafaa ionyeshwe kwa mtu mmoja mwenye masikio: mzazi, ndugu, mwalimu wa ushauri, matroni, au rafiki wa kweli. Na yule ambaye uchungu wake umezidi hata hataki kuishi, huyo asingoje picha. Aende kwa mkubwa anayemwamini siku ile ile na kumwambia.

Sheria za shule yetu haziruhusu simu, nami sisemi zivunjwe. Likizo i karibu, na nyumbani hakukosi simu ya kuazima kwa dakika tano. Asiyeipata na achukue penseli, achore kiti atakachokalia, kitu atakachoshika, na upande atakaogeukia; nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Katika bweni la vitanda 40 ni rahisi kudhani kwamba sote tuko salama, maana asubuhi sote twatandika, twapiga mswaki na kwenda mstarini. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Basi mwenzako akikuonyesha siku moja picha aliyojipiga akiwa ameficha uso, usimcheke wala usimwambie kwamba picha imeharibika. Keti karibu naye, umwulize kile kitu alichokishika ni cha nani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne