Mohamed Amin: Kamera iliyowasemea wenye njaa

MWANAHABARI wa televisheni Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mnamo 1943, akakulia Dar es Salaam, ambako alianzisha kampuni ya Camerapix.

Oktoba 1984, picha alizonasa Korem, Ethiopia, zikisimuliwa na Michael Buerk wa BBC, ziliuzindua ulimwengu kuhusu baa la njaa, na misaada ikamiminika.

Mnamo 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, lakini akarejea kazini akitumia mkono wa bandia.

Alifariki Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija.

Wengi walionusurika njaa ile huenda hawakulijua jina lake.